Nilivyomvisha Mwenyekiti Kimono

Jumanne, 11 Oktoba 1994

Habari kubwa. Mwalimu Sachiko anarudi kwao Japani Desemba! Ametangaza leo baada ya darasa, kwa Kiswahili chake cha polepole, kilichonyooka kuliko changu. Miaka mitatu amefundisha ushonaji katika ukumbi wa kanisa letu hapa Makadara, wasichana ishirini kila mwaka, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Wasichana wakalia. Mimi nilikuwa mlangoni, nimewarudishia cherehani yao niliyoitengeneza. Nikalia kidogo pia. Kisha nikajiuliza: darasa atapewa nani?

Jibu liko wazi. Mimi! Kimanzi Kyule, fundi wa miaka kumi na tano, mwenye kibanda kando ya Jogoo Road na cherehani mbili, moja inafanya kazi. Mwalimu Kimanzi. Nimelitamka mara sita nikirudi nyumbani. Linakaa vizuri mdomoni.

Kikwazo ni Phares. Kibanda chake kinatazamana na changu. Mtu wa Vihiga, mpole, hupima mara tatu ndipo akate, hamsemi mtu. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Itakayoamua ni kamati ya akina mama. Na kabla ya kuondoka Mwalimu ana ombi moja. Alituonyesha kalenda iliyotoka kwao. Mti hauna jani hata moja, maua matupu, rangi ya waridi iliyopauka, na chini yake akina mama waliovaa kimono, zile nguo zao ndefu za kufunga, wameketi kwenye mkeka. Mti unaitwa sakura. Nikamwuliza hao akina mama wanangoja nini. Akasema hawangoji kitu, wanatazama maua. Nikauliza, na baada ya hapo? Akasema wanakula kidogo, halafu wanatazama tena. Nchi nzima hufanya hivyo! Wenye kazi, wenye vyeo, wazee kwa watoto. Maua yenyewe hukaa siku chache tu.

Nilicheka njiani. Halafu nikapita uwanja wa kanisa, nikainua macho. Mjakaranda umechanua wote. Zambarau tupu mpaka mbinguni. Miaka kumi na moja nimepita chini ya mti ule na neno langu moja tu, kwamba maua yake yananata kwenye viatu.

Mwalimu hajaiona sakura yake kwa miaka mitatu. Amesema mjakaranda utamtosha. Tarehe ishirini, Sikukuu ya Kenyatta, anataka kuketi chini yake na akina mama sita wa kamati, wote katika kimono. Phares atashona tatu, mimi tatu. Hakusema kwamba ni mtihani. Lakini mtihani naujua nikiuona.

Jumatano, 12 Oktoba

Leo Mwalimu ametukunjulia kimono yake mwenyewe. Ilikuwa ya bibi yake. Rangi ya mbingu kabla ya jua kutoka, na maua ya sakura yamemwagika kuanzia begani mpaka kwenye pindo. Wasichana wakasema ni fiti, ni poa sana. Mimi nilishika pindo. Mshono wa mkono! Mdogo, sawasawa, hakuna ulioruka. Mwenzangu aliyeuketia mshono ule alikuwa fundi kunishinda. Naandika hivyo humu tu, hakuna atakayesoma.

Na sikiliza hili. Nguo nzima inakatwa mistari minyoofu, na hakuna kipande kinachotupwa. Hakuna! Ikichafuka sana huifumua yote, huifua vipande vipande, kisha huishona upya. Mtoto akirefuka unaachilia pindo. Mimi nikishona rinda moja nabaki na matambara ya kujaza mto. Nimeona haya. Nimemsifu Mwalimu mpaka akainamisha kichwa. Nikainamisha changu. Akainamisha tena. Tulikaa hapo kitambo.

Kisha akatugawia pamba ya samawati yenye maua meupe. Hapo ndipo ujanja wangu ulipofanya kazi. Akina mama wa kamati ni sita, lakini wenye neno ni watatu: mwenyekiti Mama Nakhumicha, mwandishi Kavinya, na mweka hazina Jecinta. Wale wengine huitikia tu. Kabla Phares hajafungua mdomo nikasema nitawashonea hao watatu, maana nina vipimo vyao tayari. (Sina.) Phares akasema ni sawa, ndugu yangu. Ndugu yangu! Hajui amepokonywa nini. Wenye kura watavaa mkono wangu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimekwenda Donholm kumpima Mama Nakhumicha. Nyumba ya viti vya velveti. Yeye mwenyewe ni mama wa kujaza mlango, mwenye sauti ya kujaza kanisa. Tepu yangu haikumzunguka. Nikaunganisha na uzi, nikamwambia hiyo ndiyo desturi ya Kijapani. Akafurahi. Akasema tangu aolewe hajawahi kushonewa nguo ya kuketia tu, kila nguo ni ya kazi au ya matanga. Aliniuliza kama kwa umri wake ataonekana kichekesho. Nikamwambia ataonekana kama malkia. Nilisema hivyo kwa ajili ya kura. Lakini alivyotabasamu, nikataka iwe kweli.

Ijumaa, 14 Oktoba

Siku mbaya. Mwalimu aliita watu wote ukumbini saa tisa aonyeshe namna ya kuvaa kimono, hatua kwa hatua. Nikaona mwanya. Wote wakiwa kule, kibanda cha Phares hakina mtu. Kwa nini nikaonyeshwe kuvaa nguo, mimi ninayewavisha wengine? Nikaenda kuchungulia kazi yake.

Mabati ya nyuma yana upenyo. Nikaingiza kichwa. Nikaona giza. Nikaingiza bega. Nikaona kimono moja imekunjwa juu ya meza vizuri kabisa, na juu yake karatasi ya vipimo, na juu ya karatasi paka. Paka akaniona. Nilitoka kwa haraka na shati langu likabaki nusu. Lile jeupe la kanisani!

Mke wangu Ndunge alikuwa ukumbini akiwapa watu chai. Aliporudi aliniuliza shati limepatwa na nini. Nikasema upepo. Akasema, Baba Mutisya, Mwalimu ametilia mkazo habari ya pande za nguo, upi uje juu na upi chini, hata alirudia mara mbili, lakini yeye Ndunge alikuwa anachuja chai na hakushika vizuri, afadhali nikamwulize Phares, yeye alikuwa anaandika. Nimwulize Phares! Nikamwambia nimewashonea wanawake wa Eastlands tangu yeye ana nywele za kusuka, na habari ya pande naijua nikilala. Akasema haya. Sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda kuchambua mboga.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimegundua jambo! Niliazima ile kalenda ya Mwalimu nishonee kwa kutazama. Nikaitazama vizuri kwa mwanga wa mlangoni. Wanawake wote wanne chini ya mti wamefunga kimono upande wa kushoto juu ya upande wa kulia. Kama wanaume!

Kila fundi anajua. Shati la mwanamume, kushoto huja juu. Blauzi ya mwanamke, kulia huja juu. Mwalimu wangu wa ushonaji, Mungu amrehemu, alikuwa akikupiga kwa rula ukikosea. Sasa nchi iliyoendelea hivyo, yenye redio na magari, imewafungia mama zao nguo kiume na hakuna aliyewaambia! Nimewahurumia sana. Nadhani ni kosa la mpiga picha, au la fundi mmoja wa zamani ambaye watu waliona haya kumsahihisha.

Mimi sitawaaibisha. Nitawafunga sahihi, kulia juu, na Mwalimu ataona tofauti mwenyewe. Ataniuliza, fundi, ulijuaje? Nami nitainamisha kichwa.

Jumatatu, 17 Oktoba

Furaha isiyo na kifani. Leo Phares amemvalisha mkewe Aoko kimono moja ya kujaribia, mbele ya kibanda. Watu walisimama. Makanga mmoja akamwita, mathe, umeivaa poa! Hata mimi niliacha pasi juu ya suruali ya mteja. Aoko ni mama wa kawaida, huuza sukumawiki kwenye kona, lakini leo shingo ilikuwa ndefu na mabega yametulia, na alipopiga hatua kitambaa kilimfuata kama maji. Kazi safi ile. Safi sana. Nikaanza kutafuta kosa.

Halafu nikaona. Kushoto juu ya kulia!

Phares amekosea! Amefuata kalenda kama kondoo. Mpima mara tatu! Nilirudi ndani nikacheka kwenye rundo la matambara. Lakini sitamwambia. Adui mwombee njaa. Alhamisi, mbele ya kamati nzima, wanawake wake watatu wamefungwa kiume na wangu watatu wamefungwa kike. Hapo hata kura hazitahitajika.

Phares alivuka barabara baadaye akaniuliza kama nina swali lolote, maana Ijumaa hakuniona ukumbini. Nikamwambia kazi yangu haina swali. Akasema kama lipo, mlango wake uko wazi. Hizo ndizo mbinu za mtu aliyeshindwa.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimewaza. Maua yakianguka juu ya akina mama wangu wakati unaofaa, kamati itaona baraka. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo nikaenda kupanda mjakaranda. Mpango: kufunga kamba kwenye tawi, kujificha nyuma ya ukumbi, kuvuta.

Nikafika tawi la kwanza. Nikaketi. Lo! Juu kule huoni Jogoo Road wala mabati. Kila upande ni zambarau, na nyuki wanavuma polepole, na jua linapenya kidogo kidogo tu. Nikasahau nimekuja kufanya nini. Nadhani nilikaa nusu saa. Sijawahi kukaa nusu saa bila kazi wala shida. Nikaanza kuwaelewa Wajapani.

Ndipo Salad, mlinzi wa kanisa, akafika chini na rungu. Aliniuliza kama mimi ni fundi au tumbili, kwa sababu anataka kujua atumie maneno au atumie rungu. Nikamweleza habari ya maua. Akasema maua huanguka yenyewe, yeye ndiye huyafagia kila asubuhi, na hajawahi kuona yakihitaji kamba. Nilipokuwa nashuka nikakanyaga tawi bovu. Nimeumia upande wa kuketia. Kamba ameichukua, amefungia lango.

Jumatano, 19 Oktoba

Kimono zote tatu ziko tayari! Zitafungwa kulia juu, zote. Nimezipiga pasi mara mbili. Ile ya Mama Nakhumicha nimeishona kwa mkono mahali pote panapoonekana, mshono mdogo kama nilioushika kwa Mwalimu. Macho yanauma na vidole vimetobokatoboka. Sijawahi kushona nguo nzuri hivi tangu kuzaliwa. Nasema kweli. Ndunge aliishika, akapitisha kidole kwenye mshono, kisha akasema, Baba Mutisya, kumbe unaweza.

Kisha akaniuliza kama nilimwuliza mtu habari ya pande. Huyu mwanamke hachoki.

Alhamisi, 20 Oktoba, Sikukuu ya Kenyatta

Naandika yote.

Asubuhi kulikuwa na upepo. Akina mama wangu watatu walivalia nyumbani kwetu, juu ya petikoti peke yake kwa ajili ya joto. Mama Nakhumicha akasema anaogopa, akipiga hatua nguo itafunguka na waumini wataona visivyo vyao. Nikasema ondoa shaka. Nikachukua uzi wa nailoni, ule wa kushonea mikoba, nikawashonea kimono ikiwa mwilini. Kuanzia kifuani mpaka magotini. Wote watatu. Upepo wa Eastlands wote haungefungua kitu. Walitembea hatua fupi fupi mpaka kanisani, na nikaona hata hatua zimekuwa za Kijapani.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mikeka chini ya mti, chai, mandazi ya Ndunge, na vijisahani vya wali uliofinyangwa na Mwalimu. Wale watatu wa Phares walikuwa wameketi tayari, na watu wanawatazama kwa kustaajabu. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, ngojeni.

Mwalimu Sachiko akatoka ukumbini katika kimono ya bibi yake. Watu wakampisha njia. Hata wale vijana wa getini, wanaomwita kila mtu jina, walivua kofia. Alitembea kama mtu anayebeba kitu kilichojaa asimwage. Nywele zimefungwa juu, mshipi mpana kiunoni rangi ya dhahabu iliyochakaa, na maua yake ya sakura yanakuja kukutana na maua yetu. Nilifikiri, huyu mtu ameishi nasi miaka mitatu akipanga foleni ya maji na ndoo, na hatukujua ana haya yote ndani ya sanduku.

Akawaona akina mama wangu. Akasimama.

Akaweka mkono mdomoni. Uso ukawa mweupe kama chaki. Nilijisemea, ameona tofauti! Nikasogea mbele ili asinitafute. Lakini hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Nakhumicha, akainama sana, akamnong'oneza jambo sikioni kwa muda.

Mama Nakhumicha hajui kunong'ona. Akauliza kwa sauti yake yote, ati nini? Ati kwenu wanaofungwa hivi ni maiti? Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo karibu haikusikika, kwamba walio hai wote, mume kwa mke, kushoto huja juu. Kulia huja juu siku moja tu, mtu anapolazwa kwenye jeneza. Akaomba radhi. Aliomba radhi yeye!

Mama Nakhumicha akageuka akanitafuta. Akasema, Kimanzi! Umenizika ningali hai!

Kavinya akapiga ukemi. Jecinta akajaribu kuivua papo hapo. Haikuvulika. Kavinya naye akajaribu. Nailoni! Mwenyekiti wa kamati alikuwa anazunguka chini ya mjakaranda katika nguo za maiti, anavuta kifua, anataja majina ya mama yake aliyefariki, na waumini wengine wameshaanza kufanya ishara ya msalaba. Nikatamani ardhi inimeze. Kwa mara ya kwanza sikuwa na ujanja hata mmoja.

Aliyekuja ni Phares. Hakucheka. Hakunitazama hata. Alitoa wembe wake wa kufumulia, akampa Mwalimu, akaomba akina mama wainue leso kuzunguka wale watatu. Wakajenga chumba cha leso. Sisi wanaume tukageuka kutazama ukuta. Phares alikuwa kando yangu. Huko ndani tulimsikia Mwalimu akifumua, uzi mmoja mmoja, anawasemesha polepole, na Ndunge akiwatuliza. Mama Nakhumicha akanguruma, kwa nini inachukua muda hivyo? Phares akamjibu bila kugeuka, kwamba mshono wa Kimanzi haufumuki ovyo, mama, na ukiharakisha utaharibu kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona hapa Makadara.

Nilimtazama. Nilitafuta mtego usoni mwake. Sikuuona, jambo ambalo linanitia wasiwasi mpaka sasa.

Leso ziliposhuka, walikuwa wamefungwa upya. Kushoto juu. Kitambaa hakijachanika hata mahali pamoja. Na Mama Nakhumicha, ee Mungu, alikuwa malkia! Begani nguo imelala, pindo limegusa kifundo cha mguu pale pale nilipokusudia. Watu wakapiga vigelegele. Yeye mwenyewe alijitazama kwenye kioo cha dirisha la ukumbi, akageuka upande huu, akageuka upande ule, akasahau kunikasirikia kwa dakika nzima. Kisha akakumbuka.

Nilikuwa naondoka zangu. Mwalimu akaniita. Akaniwekea nafasi kwenye mkeka, pembeni. Tukaketi wote. Akasema leo hakuna kazi, tutazame tu.

Tukatazama. Upepo ulikuwa umetulia, lakini maua yalikuwa yanashuka yenyewe, moja, halafu mawili, bila mtu kuyavuta. Yalianguka juu ya chai. Yalianguka kwenye nywele za Mama Nakhumicha na hakuyapangusa. Moja lilikaa kwenye ukosi wa Mwalimu, zambarau juu ya maua ya waridi ya bibi yake, na alilitazama likiwa pale, na macho yake yakajaa. Jecinta akamshika mkono. Nililia. Nimeandika, basi. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilikuwa mita arobaini kutoka kibandani kwangu miaka yote hii.

Jumapili, 23 Oktoba

Mvua ya vuli ilianza juzi jioni. Leo mjakaranda umebaki mtupu na uwanja wote ni zambarau iliyolowa. Nilifikiri Mwalimu atahuzunika. Nilimkuta amesimama chini ya mwavuli anayatazama yaliyo chini kwa furaha ile ile. Amesema hata sakura mvua huichukua, ndiyo maana watu hawaahirishi. Salad alikuwa anangoja na ufagio. Ameambiwa asubiri mpaka kesho, na amekubali, jambo ambalo si la kawaida yake.

Baada ya ibada kamati imetangaza. Darasa amepewa Phares.

Nilijua. Hata hivyo lilinichoma. Nilipiga makofi kwa sauti kubwa kuliko wote ili watu waone. Mama Nakhumicha alisema mbele ya kanisa kwamba anamshukuru Mungu kwa kumtoa kaburini, na waumini wakacheka mpaka mchungaji akafuta machozi. Nikacheka nao. Ningefanyaje? Ndunge alinishika kiwiko. Hakusema nilikuambia. Mke mwema.

Halafu Phares akasimama. Akasema anakubali kazi kwa sharti moja, apewe Kimanzi kuwa msaidizi. Akasema yeye anajua kupima, lakini mkono ulioshona kimono ya mwenyekiti, wasichana wanapaswa kuuona ukifanya kazi. Mama Nakhumicha akanitazama muda mrefu sana. Alikuwa amevaa kimono yangu! Kanisani! Akasema haya, lakini asikaribie uzi wa nailoni.

Msaidizi wa mwalimu. Nimelia tena, mara ya tatu mwezi huu. Nimemshika Phares mkono kwa mikono miwili. Ni mtu mwema kabisa, hilo sasa nakubali bila hila. Nimejifunza. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusikiliza. Naiandika kwa herufi kubwa: KUSIKILIZA.

Alhamisi, 27 Oktoba

Siku yangu ya kwanza darasani! Mwalimu Sachiko anatuachia somo lake kubwa la mwisho, namna ya kufunga ule mshipi mpana. Wasichana wote wamejaa. Ndunge amekuja pia, ameketi mstari wa pili. Phares yuko mbele kabisa, anaandika kila neno kwenye daftari kama mtoto wa darasa la nne. Nampenda, lakini hana sura ya mwalimu.

Mimi nimechagua nyuma karibu na dirisha, penye mwanga mzuri wa kuandikia. Kuna mengi ya kupanga. Phares ameniambia asubuhi kwamba wiki ijayo anasafiri Vihiga, na wiki hiyo hiyo Mama Nakhumicha analeta wageni kutoka makanisa matatu waonyeshwe mavazi ya Kijapani. Atakayeonyesha ni mimi! Wageni wa makanisa matatu! Wakinipenda, kuna ubaya gani kila kanisa likiwa na darasa lake, na msimamizi mmoja wa madarasa yote? Phares abaki na hili hapa. Nimeshaandika jina la cheo: Mwalimu Mkuu wa Mavazi.

Mwalimu ameinua kidole. Amesema hapa ndipo penye kosa ambalo kamwe lisifanywe mbele ya wageni. Phares amepiga mstari chini ya kitu, mara mbili. Wasichana wote wamesema aaa kwa pamoja, kama watu walioepushwa na ajali. Ndunge amegeuka kunitazama.

Nimempungia mkono. Sikushika vizuri ni kosa gani, nilikuwa natafuta tahajia ya msimamizi. Lakini ni mshipi tu, na mimi navaa mshipi tangu darasa la tano.